Simu Inaingia, Kuihamisha Inakatika: Ushauri kwa Ofisi za Hola na Garsen

Ukipiga simu moja kwa moja kutoka Hola kwenda Garsen inaingia, na sauti ni safi. Ukipiga kutoka Garsen kwenda Hola, hali ni hiyo hiyo. Lakini mwananchi akipiga makao makuu Hola, na mpokezi akamwambia, "Ngoja kidogo mzee, nakuunganisha na wenzetu wa Garsen," hapo ndipo mambo huharibika. Mara simu inakatika. Mara wa Garsen anamsikia mzee lakini mzee hasikii kitu. Mara mzee anaachiwa muziki hadi salio linamwishia.

Fundi akiitwa, huanza kwa kuzima na kuwasha kila kitu. Siku hiyo simu zinahama vizuri, kila mtu anashukuru, na fundi analipwa. Haupiti muda mrefu kabla tatizo halijarudi.

Makala haya ni ya yule anayeachiwa tatizo hilo mezani: ofisa wa TEHAMA wa ofisi yenye matawi mawili matatu, karani wa hospitali, katibu wa chama cha ushirika, au meneja wa shirika ambaye hakusomea simu lakini ndiye anayelalamikiwa. Shauri langu kuu ni moja, na mengine yote yanatokana nalo. Kuhamisha simu kati ya mitambo miwili ya simu, mmoja kila ofisi, ni kuunganisha simu mbili, kwa hiyo usiguse mpangilio wowote kabla hujajua ni ipi kati ya hizo mbili iliyoshindwa.

Kaunti ya Tana River ina sababu zake za kulichukulia jambo hili kwa uzito. Makao makuu yako Hola, huduma nyingi za delta zinasimamiwa Garsen, na fundi wa mitambo ya simu mara nyingi hutoka Malindi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen, au Mombasa, mbali zaidi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalifunika barabara ya Garsen kwenda Lamu sehemu za Gamba na Lango la Simba. Ofisi yenye tawi Kipini au Witu haikuwa na namna ya kumfikisha fundi huko kwa urahisi, na ni siku hizo hizo ambapo wananchi hupiga simu kwa wingi. Ni lazima aliyepo ofisini aweze kutambua tatizo mwenyewe, hata kama kulirekebisha kutafanywa na mwingine kwa mbali.

Kinachotokea mpokezi anapobonyeza kitufe

Mzee aliyepiga Hola ana simu ya kwanza: yeye na mtambo wa Hola. Mpokezi akianza kuhamisha, mtambo wa Hola unafungua simu ya pili kwenda Garsen kupitia kiungo cha mitambo hiyo miwili. Garsen ikipokea, simu ya kwanza na ya pili zinafungwa pamoja na mpokezi anatoka.

Kuna namna mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ni kuhamisha moja kwa moja: mpokezi anabonyeza nambari ya Garsen na kuondoka bila kungoja jibu. Ya pili ni kuhamisha kwa kuulizia: mpokezi anazungumza kwanza na wa Garsen, anamwambia nani anapiga na anataka nini, ndipo anawaunganisha. Kwa anayepiga, namna hizi mbili zinafanana. Kwa mtambo zinapita njia tofauti, na moja inaweza kufanya kazi huku nyingine imekufa. Ndiyo maana neno "kuhamisha hakufanyi kazi" halimsaidii fundi hata kidogo.

Kuna tofauti nyingine iliyofichika zaidi. Mtambo wa Hola unaweza kubaki katikati na kupitisha mazungumzo yote hadi mwisho. Au unaweza kujitoa, kwa kuupelekea mtambo wa Garsen agizo kwamba umpigie fulani wenyewe. Mitambo mingi ya sasa huzungumza kwa utaratibu uitwao SIP, ambao kanuni zake za msingi zinazotumika leo zilitolewa mwaka 2002. Agizo la kuhamisha simu, REFER, lilikuja mwaka 2003, na lile la kubadilisha simu moja kwa nyingine, Replaces, likaja 2004. Yaani kupiga na kupokea ndiyo kazi ya asili, na kuhamisha ni nyongeza. Mitambo ya kampuni mbili tofauti hukubaliana kwa urahisi juu ya kupiga, lakini juu ya kuhamisha kila mmoja unaweza kuwa na tafsiri yake. Kwa hiyo simu ya moja kwa moja kufanya kazi hakuthibitishi kwamba kiungo ni kizima.

Vipimo vinne kabla ya kugusa chochote

Chukua daftari, na umweke mwenzako Garsen akiwa na simu ya mkononi pembeni ili mzungumze nje ya mtambo. Tuseme nambari za ndani za Hola zinaanza na 2 na za Garsen zinaanza na 3.

Kipimo cha kwanza: 201 ampigie 301 moja kwa moja. Msikate baada ya kusema "hujambo, nakusikia." Zungumzeni dakika moja kamili mkitazama saa. Sababu yake utaiona hapa chini.

Kipimo cha pili: fanya uhamisho ndani ya Hola peke yake. 202 ampigie 201, kisha 201 amhamishie 203. Ikishindikana hapa, Garsen haina kosa. Tatizo liko kwenye mtambo wa Hola au kwenye simu ya mezani ya mpokezi.

Kipimo cha tatu: 202 ampigie 201, na 201 amhamishie 301 wa Garsen. Fanya mara moja kwa kuulizia, kisha mara moja bila kuulizia. Andika matokeo ya kila namna peke yake.

Kipimo cha nne: mtu apige kutoka simu ya mkononi hadi nambari ya ofisi ya Hola, mpokezi amhamishie 301. Halafu geuza: apige Garsen, ahamishiwe Hola.

Sasa soma majibu. Cha kwanza kikishindwa, achana na habari za kuhamisha. Kiungo chenyewe ni kibovu. Cha kwanza na cha pili vikifaulu na cha tatu kikashindwa, mitambo miwili haielewani juu ya agizo la kuhamisha, au ruhusa ni pungufu. Vitatu vya mwanzo vikifaulu na cha nne kikashindwa, chunguza laini ya nje: simu iliyotoka nje haina ruhusa ya kuvuka kiungo, au sauti yake imepangwa kwa namna ambayo Garsen haiikubali.

Katika daftari andika saa, nani alipiga, nani alihamisha, kwa namna gani, kila mmoja alisikia nini, na simu ilikatika baada ya sekunde ngapi. Hakikisha pia kwamba saa za mitambo yote miwili zinalingana. Mtambo wa Garsen ukiwa dakika saba nyuma ya ule wa Hola, hakuna atakayeweza kulinganisha kumbukumbu zake na za mwenzake.

Ikikataa papo hapo

Simu inayokataa mara tu nambari inapobonyezwa kwa kawaida ina tatizo la nambari au la ruhusa. Anza na nambari, maana Tana River ina mitego yake. Ukitumia laini za mezani za nje, Garsen iko kwenye msimbo 042 pamoja na Malindi na Lamu, ilhali Hola iko kwenye 046 pamoja na Garissa. Kaunti ni moja, misimbo ni miwili. Mtambo uliopangwa na mtu aliyedhani kaunti nzima ina msimbo mmoja utafupisha nambari usiyopaswa kuifupisha.

Mtego wa pili ni simu za mkononi. Kwa miaka mingi nambari zote za mkononi nchini zilianza na 07. Tangu mwaka 2019 kuna zile za 01, kama 0110 na 0100. Mtambo uliopangwa kabla ya hapo, au uliopangwa baadaye kwa kunakili mpango wa zamani, huenda unaitambua 07 tu. Dalili yake iko wazi kabisa: mpokezi anamhamishia mwananchi kwa ofisa wa nyanjani mwenye 07 na inaingia, kisha anamhamishia mwenzake mwenye 01 na inakataa. Watu husema "simu ya yule bwana ina shida." Simu yake ni nzima. Ni mstari mmoja kwenye mpango wa nambari ndio unaokosekana.

Mtego wa tatu ni nambari zinazogongana. Kama Hola kuna 201 na Garsen pia kuna 201, mtambo utachagua wa nyumbani kila mara. Gawa nambari kwa matawi: Hola 2, Garsen 3, Ngao 4. Usianze na 0 wala 9, na epuka 112, kwa kuwa 112 na 999 ni nambari za dharura. Vilevile 1199 ni ya Msalaba Mwekundu, na msimu wa mafuriko hutaki ipotelee kwenye meza ya karani.

Nambari zikiwa sawa, tazama ruhusa. Kila simu ya mezani ina orodha ya mahali inaporuhusiwa kupiga, na laini ya nje nayo ina yake. Wakati wa kuhamisha, mitambo mingine hufuata ruhusa za anayehamisha, na mingine hufuata za laini iliyoileta simu. Hapo ndipo utakuta mpokezi anampigia 301 bila shida, lakini akimhamishia mzee aliyepiga kutoka nje, mtambo unakataa.

Kumbukumbu za mtambo zitakupa misimbo ya tarakimu tatu ya kukuongoza. 404 maana yake nambari haijulikani huko ilikofika. 403 ni kukatazwa. 486 ni kwamba aliyepigiwa yuko bize. 488 ni kwamba pande mbili hazikukubaliana juu ya aina ya sauti. 481 ni kwamba mtambo umeambiwa ushughulikie simu usiyoijua. Ukiiona wakati wa kuhamisha kwa kuulizia, fahamu kwamba Hola imeipa Garsen agizo kuhusu simu ambayo Garsen haina habari nayo. Dawa ya hiyo ya mwisho, kwa ofisi ndogo, ni kuupanga mtambo wa Hola uhamishe wenyewe na ubaki katikati, badala ya kuusukuma mzigo huo Garsen. Utatumia intaneti zaidi, lakini utapata simu inayohama.

Ikikatika baada ya muda maalumu

Hii ndiyo sababu ya kutazama saa. Simu inayokatika takribani sekunde 32 baada ya kupokelewa, kila mara, haikatwi na mtandao dhaifu. Katika SIP, mtambo uliojibiwa unatakiwa kutuma uthibitisho kwamba umelipata jibu. Upande wa pili usipouona uthibitisho huo, unarudia jibu lake mara kadhaa, na ikifika sekunde 32 unakata tamaa na kukata simu. Watu tayari wanazungumza, sauti inasikika, kumbe mitambo yenyewe haijamaliza kusalimiana.

Sababu ya kawaida ni ruta. Ofisini vifaa hutumia anwani za ndani, zile za 192.168 au 10, ambazo hazina maana nje ya jengo. Mtambo ukiandika anwani ya ndani kwenye ujumbe wake, uthibitisho unatumwa mahali pasipofikika. Ruta nyingi pia zina kipengele kiitwacho SIP ALG ambacho hujidai kusahihisha anwani hizo na mara nyingi huzivuruga. Kizime. Kisha hakikisha mtambo umepangwa kujua anwani yake ya nje.

Simu inayokatika kwenye dakika ya 15 au ya 30 ni habari nyingine. Mitambo hukaguana mara kwa mara ili kujua kama mazungumzo bado yapo, na muda unaopendekezwa na kanuni ni sekunde 1800, yaani nusu saa, ukaguzi ukifanyika katikati yake. Simu ambayo haijahamishwa hupita ukaguzi huo. Iliyohamishwa inaweza kushindwa kwa sababu aliyeanzisha mazungumzo ameshatoka. Mwambie fundi aangalie vipima muda vya mazungumzo kwa pande zote mbili, na usimkubali akikwambia "ni mtandao tu." Mtandao mbovu haukati simu kwenye dakika ileile kila mara.

Sauti ya upande mmoja

Mzee anasema, "Haloo? Haloo? Mbona hamsemi?" na Garsen wanamjibu kwa sauti kubwa bila yeye kusikia. Maagizo ya simu na sauti yenyewe husafiri kwa njia mbili tofauti. Maagizo ya SIP hupita kwa kawaida kwenye mlango 5060. Sauti hupita kwenye kundi la milango mingine; kwa mitambo ya Asterisk, na mingi iliyojengwa juu yake, mara nyingi ni kati ya 10000 na 20000. Ofisi ikifungua 5060 na kusahau milango ya sauti, simu italia, itapokelewa, na itakuwa kimya.

Kama tawi la Garsen linatumia ruta ya data ya simu za mkononi, kuna jambo la ziada. Kampuni nyingi huwapa wateja wengi anwani moja ya nje kwa pamoja. Ingia kwenye ruta utazame anwani iliyopewa. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni, uko kwenye kundi hilo, na hakuna anayeweza kukufikia kutoka nje wewe usipoanza. Usihangaike kufungua milango kwenye ruta, haitasaidia. Fanya Garsen ndiyo ijisajili Hola, wala si Hola kuitafuta Garsen. Bora zaidi, funga njia ya faragha ya VPN kati ya ofisi mbili, ili mitambo ionane kana kwamba iko jengo moja. Kwa ofisi zenye matawi mawili matatu, VPN huondoa nusu ya matatizo yaliyoandikwa humu, na huzuia wapita njia kusikiliza.

Wakati mwingine sauti ni nzuri hadi simu ihamishwe. Hapo shuku mpango unaoruhusu simu mbili zitumiane sauti bila kupitia mtambo. Unapunguza mzigo pale vifaa vinapoonana, lakini kati ya Hola na Garsen kupitia ruta mbili huenda vifaa havionani kabisa. Uzime kwa simu zote zinazovuka kiungo.

Aina ya sauti, vitufe, na laini kujaa

Sauti hufungwa kwa kodeki. G.711 ni safi na hutumia takribani kilobiti 87 kwa sekunde kila upande ukijumlisha vifungashio vyake. G.729 huminya sana na hutumia takribani 31. Hola ikikubali G.711 tu na Garsen ikakubali G.729 tu, simu haitaungana isipokuwa mtambo mmoja utafsiri. Chagua kodeki moja kwa kiungo kizima, na uipange iwe ya kwanza pande zote mbili.

Kodeki inayominya ina madhara mengine: huharibu mlio wa vitufe. Ofisi ambazo wapokezi huhamisha kwa kubonyeza alama kama ## au *2 wakati wa mazungumzo zitaona mtambo "hausikii." Panga vitufe vitumwe kama ujumbe wa pembeni badala ya mlio, na iwe hivyo kila upande. Wenye mitambo ya zamani ya laini za waya, wanaohamisha kwa kitufe cha Flash, waangalie muda wa kitufe hicho. Vifaa vilivyopangwa kwa Marekani hutumia takribani milisekunde 600, vya Ulaya takribani 100. Simu ya meza na mtambo visipolingana, Flash itakata simu badala ya kuihamisha.

Sasa fikiria mwananchi aliyepiga Garsen kuuliza habari za shamba. Garsen inamhamishia Hola. Hola inasema faili liko Garsen, inamrudisha. Kama kila mtambo umebaki katikati, simu hiyo moja imevuka kiungo mara mbili, na imekula nafasi mbili za intaneti na huenda nafasi mbili za simu ulizolipia. Simu mbili za aina hiyo, na kiungo cha nafasi nne kimejaa. Mtu wa tatu ataambiwa laini iko bize ilhali ofisi nzima ina watu wawili tu wanaozungumza. Ukiona laini zinajaa bila sababu, hesabu simu za kwenda na kurudi kabla ya kununua laini nyingine.

Stima, bahari na setilaiti

Andika tarehe za kukatika kwa stima karibu na tarehe za simu kugoma. Stima inaporudi, kama ile ya nchi nzima iliyopotea usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, mtambo unaweza kuwaka kabla ya ruta na kukosa usajili. Ruta nayo inaweza kupewa anwani mpya ya nje, huku mtambo bado umeandikiwa ile ya zamani kwa mkono. Matokeo ni sauti ya upande mmoja kwenye kiungo peke yake, wakati simu za ndani ni nzima. Weka UPS kwa ruta na mtambo pamoja, na panga mtambo uchelewe dakika chache kuwaka.

Hii pia inaeleza kwa nini kuzima na kuwasha huponya kwa muda. Usajili unaanza upya, simu zilizokwama zinaachiliwa, na ruta inafungua njia mpya. Chanzo kimebaki palepale.

Ukiwa umekodi mtambo ulio kwenye sava za nje ya nchi, fahamu kwamba simu ya Hola kwenda Garsen inavuka bahari. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Ofisi yenye mtambo wake ndani ya nchi ilikuwa na nafuu kuliko ile iliyotegemea sava ya ng'ambo. Muulize anayekuuzia huduma hiyo mashine ziko wapi.

Kwa setilaiti, tazama ni ya aina gani. Zile za zamani ziko takribani kilomita 36,000 juu, na swali na jibu huachana karibu nusu sekunde kwa safari ya mawimbi peke yake. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwa mazungumzo mazuri ni milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ukihamisha simu kutoka setilaiti moja kwenda tawi lenye setilaiti nyingine, watu watakatizana maneno hadi wakate tamaa. Setilaiti za chini kama za Starlink, iliyoanza huduma Kenya Julai 2023, hazina ucheleweshaji huo mkubwa.

Kazi ya mpokezi

Hata mtambo mzima huharibiwa na desturi mbaya. Mpokezi amshughulikie anayepiga kama abiria anayehamishwa kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine katikati ya Tana: asimwachilie kabla hajakaa. Kwa simu zinazovuka kiungo, iwe kanuni ya ofisi kwamba zinahamishwa kwa kuulizia, si moja kwa moja.

Kabla ya kubonyeza, aulize: "Mzee, nipe nambari yako, ikikatika tutakupigia sisi." Amwambie anamhamishia nani. Akishaongea na wa Garsen, amtajie jina la anayepiga na shida yake, ili mzee asianze hadithi upya. Kama Garsen haipokei, amrudie: "Samahani mzee, hawajapokea. Watakupigia kabla ya saa nane." Na wapige kweli. Kwa mtu aliyetembea hadi Minjila kutafuta mahali pa kuchaji simu, ahadi hiyo iliyotimizwa ina faida kuliko muziki wa kungojea.

Weka pia njia ya akiba. Bandika kwenye meza ya mpokezi nambari ya mkononi ya ofisi ya Garsen, iliyo ya ofisi wala si ya mtu binafsi, ili kiungo kikifa anayepiga apewe hiyo.

Mlango wa wezi

Ruhusa ya kuhamisha kwenda nje ndiyo inayopendwa na wezi wa simu. Mtu anaingia kwa nambari ya siri dhaifu, anauagiza mtambo uunganishe simu kwenda nchi za mbali usiku kucha, na ankara inaletwa kwako. Zuia kuhamisha kwenda nambari za kimataifa isipokuwa kwa simu moja au mbili, usiache mlango 5060 wazi kwa dunia nzima, na badilisha nambari za siri zilizokuja na kifaa.

Kumbukumbu unazonasa ili kutafuta kosa huwa na nambari za wananchi, na pengine sauti zao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu. Mpe fundi kinachohitajika kwa kosa hilo tu, na ukifute kazi ikiisha.

Unapomwita fundi

Mtumie ukurasa wa daftari kabla hajafunga safari. Fundi akisoma kwamba kipimo cha kwanza na cha pili vimefaulu, cha tatu kimefaulu kwa kuulizia na kushindwa bila kuulizia, na kosa ni 404, huenda akalimaliza akiwa Malindi kupitia VPN, nawe ukaokoa nauli.

Na kabla hujamlipa, dai vitu vitatu: nakala ya mpangilio wa mitambo yote miwili kabla na baada ya kazi, nambari za siri zikiwa mikononi mwa ofisi, na vipimo vyote vinne vikirudiwa mbele yako, kila simu ikizungumzwa zaidi ya dakika moja. Kisha fanya vipimo hivyo mara moja kila mwezi, na usikose kuvifanya kabla ya mvua za masika na za vuli, wakati barabara bado inapitika na kosa dogo bado ni rahisi kulirekebisha.